Viti Viwili: Kiti cha Enzi na Mbuzi ya Makunduchi

Ndugu msomaji, Jumapili hii ninakuomba tufuatane mpaka Makunduchi, kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja. Lakini kabla hatujapanda gari, yafaa kwanza tusimame mbele ya kiti kimoja cha kale, kwa kuwa safari yenyewe ilianzia hapo.

Kiti hicho huitwa kiti cha enzi, na wengine hukiita kiti cha mpingo. Ukifika Mombasa katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo tangu miaka ya 1960 imekuwa makumbusho, au ukivuka mpaka Lamu katika makumbusho ya mji ule, utakikuta kimewekwa mahali pake pa heshima. Ni kiti kirefu cha mbao nyeusi, chenye egemeo lililosimama wima kama mtu anayesubiri kutangazwa. Egemeo hilo limegawanywa vyumba vyumba vya mraba, na ndani ya kila chumba zimesukwa nyuzi nyembamba zilizokazwa sana. Pembeni mwa mbao kumetiwa njumu ya pembe za ndovu na mifupa. Mikono yake ni mipana, na mbele kina kibao cha kuwekea miguu, ili aliyekaa asikanyage chini pamoja na watu wengine. Tena jambo la ajabu ni kuwa kiti hicho kizito huweza kufunguliwa vipande vipande, kikachukuliwa kwa jahazi au kwa kichwa, kisha kikaungwa tena kwingineko.

Wataalamu wameandika mengi kuhusu asili yake. Wapo wanaosema kimefanana na viti vya Misri ya zamani za Wamamluki, wapo wanaoona ndani yake mkono wa Wareno, na wapo wanaoona mkono wa Wahindi. Mtu wa pwani hashangai kusikia hayo, maana bahari yetu imeleta mengi na sisi tumeyafanya kuwa yetu. Lililo wazi ni kuwa viti vingi vya namna hii tulivyo navyo leo ni vya karne ya 18 na ya 19, na kuwa miji ya kaskazini, yaani Lamu, Pate na Siyu, ndiyo iliyosifika kwa mafundi wake wa mbao.

Desturi ya kumkalisha mkubwa juu ya kiti cha fahari ni ya zamani zaidi kuliko viti hivyo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili 1498, mmoja wa watu wake aliandika kuwa mfalme wa mji alikaa juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, na kando yake walikuwako wapiga siwa mbili za pembe za ndovu, kila moja ikilingana na urefu wa mtu. Hivyo kiti, mwavuli na siwa vilikwenda pamoja. Asiye navyo alisimama, na aliye navyo alikaa.

Hata hivyo, kiti cha enzi hakikuwa cha mfalme peke yake. Katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate kiliwekwa kwa ajili ya mgeni mheshimiwa, na arusini bibi arusi alikalishwa juu yake ili watu wamtazame. Mwenye nyumba huenda hakukikalia hata mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo ukikitazama vizuri utaona kuwa ni kiti cha kumpa mtu mwingine. Neno hili liweke akilini, ndugu msomaji, kwani tutalihitaji Makunduchi.

Basi siku moja nilikuwa Lamu, nimekwisha kukitazama kiti cha enzi mpaka macho yamechoka. Nikaenda katika nyumba moja ya kale ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho, ambamo vyombo vya nyumbani vimepangwa kama kwamba wenyewe wametoka kwenda sokoni na watarejea sasa hivi. Jikoni nikakuta mbuzi ya kukunia nazi.

Nilisimama nikacheka, kisha kicheko kikanipotea. Mbuzi ile ilifanana kabisa na ile aliyokuwa nayo marehemu mama yangu: mbao mbili zilizopishana kama mkasi, zikikunjuka kama marufaa ya kusomea Kurani, na mbele ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi ya mama ilitulisha watoto saba. Aliikalia kila siku ya Mungu, alasiri, sinia chini ya ulimi wa chuma, nazi ikizunguka katika viganja vyake. Alipofariki tukagawana vitu vyake. Redio iligombewa. Cherehani iligombewa. Mbuzi haikutakiwa na mtu. Akapita mchuuzi mmoja wa vitu vikuukuu tukampa kwa bei ya mikate miwili, nasi tukajiona tumepata. Sasa naiona nduguye imewekwa makumbusho, na kijana mgeni kutoka ng'ambo ameinama kuitazama kwa adabu ambayo mimi mwenyewe, niliyekula jasho lake, sikuwa nayo.

Nilipouliza wenzangu nani huchonga mbuzi bado, na nani huikalia bado, mmoja akaniambia, "Nenda Makunduchi wakati wa Mwaka. Siku ile hakuna jiko lisilokuna nazi." Nami nikaenda.

Kutoka Mjini mpaka Makunduchi ni mwendo wa kilomita zipatazo 65. Gari linatoka mjini, linapita Tunguu, kisha linaingia chini ya miti ya msitu wa Jozani, ambako kima punju hutazama abiria kama askari wa forodha. Ukishaupita msitu, nchi hubadilika. Udongo mwekundu wenye mikarafuu na minazi minene hubaki nyuma, na mbele yako hutandaa maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe lililofunikwa udongo kidogo tu. Mkulima wa huku hupanda katika vijishimo vya udongo baina ya mawe, na shamba lake hulizungushia ukuta wa mawe aliyoyaokota humo humo. Anayedhani kuwa Unguja nzima ni kisiwa cha neema ya karafuu, na apite njia hii.

Watu wa nchi hii ndio waliokuwa raia wa Mwinyi Mkuu. Kasri ya mtawala huyo ilikuwa Dunga, katika njia ya Chwaka, na magofu yake yapo mpaka leo. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed alifariki mwaka 1873, na baada yake cheo hicho hakikurithiwa tena. Alama za enzi yake, ngoma na siwa, ziliingia katika hazina ya makumbusho ya Unguja. Lakini hata alipokuwako, huku kusini mambo ya kila siku hayakuamuliwa juu ya kiti kirefu. Yaliamuliwa na wazee wa mji walioitwa Watu Wanne, pamoja na sheha, na mambo ya mizimu na ardhi yaliongozwa na mvyale, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke. Wazee hao walikaa barazani au juu ya mkeka, na neno lao lilisikika.

Makunduchi ni mji wa sura mbili. Utayaona majumba ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati Serikali ilipotaka mkulima naye akae katika nyumba ya matofali yenye maji na taa. Hatua chache kutoka hapo utaziona nyumba za mawe na chokaa zilizoezekwa makuti au mabati, na njia nyembamba za mchanga zinazoteremka mpaka pwani. Lugha nayo ni sura mbili. Watu hunena nawe kwa Kiswahili unachokijua, kisha wakigeukiana huingia katika Kikae, lahaja yao ya kale, nawe ukabaki umeshika maneno mawili matatu kama mtu aliyeshika mkia wa samaki.

Pwani, maji yakitoka, utakuta kina mama wameinama. Wengine wanafunga mwani, zao ambalo lilianza kulimwa kwa biashara katika pwani hii ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine wanafukua makumbi. Kazi ya makumbi ni ya kale sana, nami naomba uniruhusu niieleze, kwa kuwa wengi wetu mjini tunaijua kamba dukani tu. Makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wa pwani, pale maji ya bahari yanapofika na kutoka, na juu yake huwekwa mawe yasichukuliwe na mawimbi. Hukaa humo miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze. Kisha hufukuliwa, yananuka kweli kweli, hupigwa kwa gongo mpaka zibaki nyuzi tupu, ambazo ndizo usumba. Usumba ukishakauka husokotwa katika viganja, uzi kwa uzi, mpaka utoke ugwe, na nyugwe zikisokotwa pamoja hutoka kamba. Kamba hiyo ndiyo iliyoshona majahazi ya mtepe ya zamani yasiyotiwa msumari, na ndiyo inayowamba vitanda vya kamba mpaka leo.

Niliwatazama kina mama wale nikakumbuka egemeo la kiti cha enzi lililosukwa nyuzi. Tunasema kiti kile kilifanywa na seremala, nalo ni kweli, lakini nyuzi zile nazo zilisokotwa na viganja vya mtu fulani. Fundi wa mbao hakuandika jina lake. Msokota nyuzi hata hakutajwa kuwa alikuwako.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi mmoja wa makamo ya juu, ambaye umri wake mwenyewe aliuhesabu kwa Mwaka, si kwa kalenda. Nilimkuta uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pita ukae."

Nikatazama pa kukaa. Palikuwa na mkeka mpya uliotandikwa barazani, na palikuwa na kiti kimoja cha plastiki, nacho kilifutwa upesi kwa upindo wa kanga ili nikalie mimi. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mbuzi. Mbao yake ilikuwa imeng'aa kwa kukaliwa, na katikati imebonyea kidogo, kama jiwe la ngazi ya msikiti lililokanyagwa na vizazi. Akaniambia ni mti wa mfenesi, na kuwa ilichongwa na ami yake siku za arusi yake. Mbao haijabadilishwa. Ulimi wa chuma umebadilishwa mara tatu.

Nikamwuliza kama hajaona mashine za kukunia nazi.

"Nimeziona," akasema. "Za mjini. Umeme ukikatika, watoto wasile?"

Kisha akanieleza kuwa mwaka uliotangulia alikuja mtu wa kununua vitu vya kale, akaitaka mbuzi ile. Alitaja bei nzuri. Mjukuu wake akamshauri aiuze, apate mashine na chenji juu.

"Nikamwuliza huyo mnunuzi, ataifanyia nini. Akasema, kuna mtu ataiweka sebuleni, aitazame. Nikamwambia, basi na aje aitazame hapa, na akichoka kuitazama nimpe nazi akune."

Alisema hivyo pasina hasira yoyote, huku nazi ikiendelea kuzunguka. Mimi nikaona haya. Nilikumbuka mchuuzi wetu na mikate miwili, nikanyamaza.

Kesho yake ilikuwa Mwaka. Ndugu msomaji, Mwaka Kogwa ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kishirazi, inayofuata hesabu ya Nairuzi, yaani mwaka wa jua wa siku 365, wala si mwezi mwandamo. Kwa zama zetu huangukia mwezi wa Julai. Watu hukusanyika uwanjani, na wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba. Anayepigwa hupiga, na wanaotazama hushangilia. Makusudio yake ni kutoa kinyongo: yale yaliyojificha kifuani mwaka mzima hutolewa mchana mweupe mbele ya watu, kisha yakaisha. Baadaye hutiwa moto kibanda kidogo cha makuti, na moshi ukipanda, mwaka wa kale umekwenda zake. Wanawake, wakiwa wamevaa kanga na mavazi yao mazuri kabisa, hupita wakiimba, na nyimbo zao hazimwogopi mtu.

Kisha watu hurudi majumbani kula, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini nilitumwa huku. Katika siku hiyo huaminiwa kuwa si vizuri mtu awe hana mgeni. Kila nyumba hutaka mtu wa kumkaribisha. Ukipita njiani utaitwa, na ukisema umekwisha kula utaambiwa kuwa hapa bado. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami siku ile niliona maana yake kwa macho yangu.

Tangu alfajiri mji mzima ulikuwa ukikuna nazi. Sauti ile ya meno ya chuma ndani ya kifuu ilitoka kila ua. Wali ulipikwa kwa tui, samaki akapikwa kwa tui, na tui la kasimile likawekwa kando kwa kutiliwa mwisho. Nikahesabu nazi zilizopita katika mikono ya bibi yangu mmoja tu: zilikuwa 14, na jua bado halijapanda kichwani.

Kiti cha enzi kilitengenezwa ili mgeni akae juu. Hiyo ni heshima, wala siidharau. Lakini Makunduchi wanamheshimu mgeni kwa namna nyingine: mwenyeji hukaa chini, juu ya kibao kisichofika hata nusu ya goti, akatoa jasho mpaka mgeni ashibe. Viti vyote viwili vimechongwa kwa ajili ya mtu mwingine. Tofauti ni kuwa kimoja humbeba anayepewa, na kingine humbeba anayetoa. Katika makumbusho nyingi kimoja kimewekwa sebuleni na kingine jikoni, kama vile vilivyokuwa katika maisha. Laiti ningekuwa mtunzaji wa makumbusho, ningeviweka ubavu kwa ubavu.

Sisemi kuwa makumbusho hayana faida. Yamehifadhi mengi ambayo sisi wenyewe tuliyatupa. Mwaka 2017 yalifunguliwa katika jimbo la Illinois, Marekani, maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, na hazina za makumbusho ya Kenya na Oman zikasafiri mpaka huko, kisha zikaenda Washington na Los Angeles. Watu wa mbali waliona kuwa pwani hii ina mafundi. Hata hivyo jengo nalo ni mwili, na mwili hufa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash na ambalo lilikuwa makumbusho, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku ile nimeamini kuwa urithi ukiwekwa mahali pamoja tu, uko hatarini. Yafaa sehemu yake ikae kwenye kuta za serikali, na sehemu yake ikae mikononi mwa watu.

Basi, ndugu msomaji, ninayo maombi mawili kwako wewe mfanyakazi wa mjini, baba au mama wa nyumba.

La kwanza: ukirudi nyumbani leo, tazama uvunguni mwa kitanda na nyuma ya mlango wa jiko. Ikiwa mna mbuzi ya mama yako, kigoda cha bibi yako, au kitanda cha kamba kilicholegea, usikiite takataka. Mwulize mkubwa aliyebaki katika ukoo: nani alikichonga, kwa mti gani, kwa siku gani? Uliandike jina hilo kwenye karatasi, ulibandike chini ya kibao. Viti vya enzi vimefika makumbusho bila majina ya mafundi wake kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema.

La pili: mfundishe mtoto wako, wa kiume na wa kike, kuikalia mbuzi na kukuna nazi moja mpaka mwisho bila kukwaruza kifuu. Haitamzuia kuwa daktari. Lakini siku atakapokutana na mbuzi ndani ya kioo, hatasimama mbele yake kama mgeni.

Mimi mbuzi ya mama yangu sitaipata tena. Nilipoaga Makunduchi nilimwomba bibi anielekeze kwa fundi. Akanipeleka mwenyewe, polepole, kwa kijana mmoja mwenye ua uliojaa maranda. Nilimwagiza mbuzi mpya, ya mti wa mfenesi. Nilipomwambia aichonge jina lake chini, alinitazama akidhani ninamtania.

"Jina langu, ami? Juu ya mbuzi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na mwaka."

Akalichonga. Sasa imo jikoni kwangu, na alasiri ya leo, majaaliwa, itakuna nazi mbili. Ukipita njia, karibu.